Unga Usiotajwa Jina

Wiki jana tuliuacha mlango wa studio unapasuka na ncha ya panga inachungulia kwenye ufa. Leo panga limeingia lote, na mwenyewe yuko nyuma yake.

Sharifah Fadhul alikuwa amejibanza chini ya meza. Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa chapati kabla hujalisoma, shika haya tu. Sharifah ni mtangazaji wa Redio Bonde ya Mbale, na kipindi chake cha mapishi kinaitwa Sahani ya Leo. Alitangaza kwamba unga wa Ngao Nyeupe, unaosagwa Jinja na Mzee Makokha, umetokana na mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa ya wadudu na kutiwa rangi nyekundu ili binadamu asiyale. Mzee huyanunua yakishapitwa na wakati, huyaosha kwenye kinamasi kule Budondo, kisha huyasaga. Aliyemwambia Sharifah ni dada yake mwenyewe, Khadija, ambaye huyaosha mpaka ngozi ya viganja imembanduka.

Mwenye panga aliitwa Kisiki. Sharifah alimjua tangu utoto wao Walukuba, kule Jinja, alipokuwa akiwanyang'anya wenzake mpira na kuukata kwa kisu. Amekua mwili, akili imebaki palepale.

"Toka huko chini, mtoto wa Fadhul," Kisiki alisema. "Sikuja kuua. Nimekuja kukufundisha kunyamaza."

Gordon Ojwang, fundi mitambo, jitu lenye sauti ndogo kutoka upande wa Kisumu, alinyakua chuma cha kusimamishia kipaza sauti akamtandika nacho mmoja wa wafuasi wa Kisiki. Taya likalegea, meno yakadondoka juu ya mitambo. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo mkono ule uliifanya vizuri. Walimkamata, wakaulaza mkono wake mezani, na Kisiki akaupiga kwa mgongo wa panga.

Mifupa ilisikika ikivunjika. Haikusikika studio peke yake, kwa maana kipaza sauti kilikuwa wazi, na kila duka lenye redio mjini Mbale lilisikia Gordon akilia.

Sharifah aliona chupa ya chai pale mezani, chai ya asubuhi, bado ya moto. Akafungua kifuniko akammwagia Kisiki usoni. Kisiki alipiga yowe, panga likamponyoka, akaenda huku na huku akigonga kuta. Wenzake walimburuta mpaka kwenye ngazi.

"Tutaonana," alisema kutoka chini, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ilivyopasa.

Kabla vumbi halijatua, viatu vya kike vikasikika vikikanyaga vioo. Aliingia mwanamke kijana mwenye suti nyeusi na faili kwapani. Nyuma yake alikuwa polisi mnene, Afande Wanyera, akihema kwa sababu ya ngazi.

"Nani amefanya hivi?" mwanamke aliuliza. Hakungoja jibu. Alivua skafu yake akaanza kumfunga Gordon mkono.

"Kisiki," Sharifah alisema. "Mtu wa Makokha."

Vidole vya yule mwanamke vilisimama. "Makokha ni baba yangu. Mimi ni Ivy, wakili wake. Baba yangu hana mtu wa panga. Sisi tunakwenda kwa sheria." Akamalizia fundo, akafungua faili. "Na sheria yenyewe ni hii."

Ilikuwa amri ya mahakama. Mpaka kesi ya kashfa isikilizwe Jinja, Sharifah asitaje unga wa Ngao Nyeupe wala mwenye unga huo, hewani au hadharani, wala asiseme neno lolote litakalowafanya watu waelewe anamsema nani. Akivunja amri, jela.

"Hata kama nililosema ni kweli?"

"Kama ni kweli, lete ushahidi siku ya kesi."

"Na mpaka siku hiyo watu wanakula nini?"

Ivy alishusha faili. "Hakimu hakusema unga ni mzuri," alisema. "Amesema wewe unyamaze kwanza. Mtu akishachafuliwa jina redioni, nani atamsafisha? Baba alianza na kinu kimoja kibovu, dada. Leo wafanyakazi wake wako nyumbani kwa ajili ya mdomo wako."

Afande Wanyera alijikuna shingo. "Dada Sharifah, mimi nasikilizaga kipindi yako. Bibi yangu pia. Lakini hii karatasi iko na nguvu. Ukisema ile jina, nakufunga mimi mwenyewe."

Sharifah alitia saini. Usimcheke, msomaji. Mama yake yuko kitandani Walukuba, na wa kumtafutia dawa ni yeye. Jela haiwaulizi wafungwa kama wameacha wagonjwa nyumbani. Ivy alishukuru kwa adabu, akaondoka na afande wake.

Gordon alikuwa bado anaugulia kwenye kiti, akingoja mtu wa kumpeleka hospitali, simu ya Sharifah ilipolia. Alikuwa Khadija, na alinong'ona.

"Lori liliondoka jana usiku. Magunia meupe, hayana picha ya ngao."

"Limekwenda wapi?"

"Busiu. Kuna kijana anatahiriwa leo. Mzee amewapa unga wa karamu yote, bure. Amewaita na watu wa magazeti waje wamwone akila pamoja na wananchi. Anasema kesi itakwisha kabla haijaanza."

"Atakula sumu yake mwenyewe?"

"Amebeba wake, mfuko mdogo. Nimeujaza mimi kwa mkono wangu, mahindi masafi." Khadija alikohoa. "Wananiita. Fanya kitu, Sharifah. Mimi mikono hii imekwisha."

Sharifah alimtazama Gordon. Gordon alitikisa kichwa kuelekea mlangoni, au kuelekea pale mlango ulipokuwa. "Nenda," alisema. "Mimi siwezi kufa kwa mkono."

Alichukua boda. Mwendeshaji aliambiwa Busiu na haraka, akaelewa haraka. Walipita barabara ya Tororo upepo ukimtoa Sharifah machozi, na alikuwa akijiuliza atawaambia nini watu wale. Aseme msile, bila kusema kwa nini? Aseme unga ni mbaya, bila kusema ni wa nani? Amri ile ilikuwa imeziba kila tundu.

Hakufika mwisho wa mawazo hayo. Pikapu iliwagonga kwa nyuma.

Mwendeshaji alirushwa kwenye lami, na mguu wake ulipotua ulikuwa umeangalia upande usio wake. Sharifah aliangukia kwenye mahindi. Alipoinua kichwa alimwona Kisiki akishuka, uso umevimba malengelenge, kitambaa kibichi shingoni, panga lilelile mkononi.

"Niliambiwa nikutishe," Kisiki alisema. "Hii sasa ni yangu mimi na wewe."

Sharifah alikimbia ndani ya shamba. Nyuma yake alisikia mabua yakikatwa, pigo baada ya pigo, bila haraka. Panga lilipita karibu na sikio lake likakata hindi changa. Mara ya pili lilipata bega. Alihisi joto likishuka mkononi, akaendelea kukimbia, na mbele yake akasikia ngoma.

Ilikuwa kadodi, ngoma ya tohara. Sharifah alitokeza njiani mbele ya umati uliokuwa ukija mbio, fimbo juu, majani kiunoni, na katikati yao kijana wa siku hiyo, Wamimbi, kengele mapajani na mwili wote umepakwa unga uliokorogwa na chachu ya ulezi.

Wenyeji wanajua, na Sharifah amekaa Mbale miaka ya kutosha kujua: njia ya kijana wa tohara haikatwi. Alijitupa pembeni, akangoja kundi lipite, akajiunga nao nyuma akiimba kile alichoweza kuimba.

Kisiki ni mtu wa Jinja. Alitoka shambani mbio, akakata njia katikati, na kwa sababu kijana alikuwa amemzuia, akamsukuma bega kwa kiganja. Ngoma ilinyamaza.

Hawakumuuliza jina. Fimbo za kuchezea zikawa fimbo za kupigia. Alizungusha panga mara moja, likamkwangua mtu paja, na baada ya hapo hakupata nafasi ya kulizungusha tena. Walimpiga mikono mpaka ikaachia panga, wakampiga miguu mpaka ikakubali kukaa. Sharifah anasema hakumwonea huruma, nami namwamini.

Kijana alirudi kwenye mbio, umati ukamfuata. Kisiki alibaki mtaroni akipumua kwa mapovu, na Sharifah alipompita aliona kiganja kilichomgusa Wamimbi. Kilikuwa na rangi ya waridi. Haikuwa damu. Khadija alikuwa na rangi hiyohiyo chini ya kucha zake kila siku akitoka kazini.

Hapo Sharifah alielewa. Mzee Makokha alihesabu kwamba unga wake wote utaingia kwenye sufuria. Hakujua kwamba baba wa kijana, kwa kumheshimu mgeni aliyeleta zawadi kubwa hivyo, angeagiza mwanawe apakwe unga wa mgeni.

Walifika nyumbani kwa kijana. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, spika za kukodi, na sufuria kubwa za posho, ugali wa huko, zikifuka moshi kando. Hakuna aliyekula bado, maana katika mji ule watu hula baada ya kijana kusimama mbele ya kisu. Chini ya hema alikaa Mzee Makokha, koti la kijivu, tabasamu la mwenye shughuli, sahani yake tayari mbele yake imefunikwa. Ivy alikuwa kulia kwake. Afande Wanyera alisimama nyuma, na waandishi walikuwa wameinua simu zao.

Ivy alimwona Sharifah, akaona na damu. Alianza kuinuka. Baba yake akamshika mkono akamketisha.

Wamimbi alisimama mahali pake, fimbo nyuma ya shingo, macho juu. Mtahiri alichuchumaa na kisu. Kila mtu alijua kinachotakiwa: kijana asipepese macho, asitetemeke, hata kidogo. Akitetemeka, ameuaibisha ukoo.

Magoti ya Wamimbi yakaanza kutetemeka.

Mnong'ono ulipita. Baba yake akasogea karibu, uso umekakamaa. "Simama," alisema huku ameuma meno. Kijana alijaribu. Tetemeko likapanda mapajani, kengele zikaanza kulia zenyewe. Kisu hakijamgusa bado. Baba akainua fimbo akampiga mgongoni, mbele ya watu wote, akampiga tena, huku yeye mwenyewe analia.

"Si woga," Sharifah alisema, lakini hakuna aliyemsikia.

Mate yakaanza kumtoka kijana mdomoni, meupe, mengi. Macho yakageuka. Akaanguka mbele ya mtahiri, mwili ukirukaruka ardhini.

Aibu ikageuka hofu, na hofu ikatafuta mtu. Haikutafuta mbali.

"Nani alikoroga ile unga?" mzee mmoja aliuliza.

Aliyekoroga alikuwa Namukose, mama wa kambo wa Wamimbi, mwanamke wa Kisoga kutoka Budondo aliyeolewa hapo na hajazaa mtoto wa kiume. Alikuwa amesimama karibu na sufuria, mwiko mkononi. Sihitaji kukueleza walivyofikiri.

"Ni yeye. Ni huyu Musoga," mwanamke mmoja alisema. "Alimtaka huyu kijana afe tangu zamani."

"Mimi nimekoroga chenye mlinipa," Namukose alisema. "Mungu wangu, mimi nimekoroga tu."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilimwangusha, na akishakuwa chini zikawa miguu. Mtu alichukua mwiko uleule akampiga nao kichwani mpaka ukakatika. Nyuma ya umati sauti ya kiume iliagiza petroli, kwa utulivu wa mtu anayeagiza soda.

Sharifah alijipenyeza mpaka mbele. "Mwacheni. Ni unga wenyewe una sumu."

"Tunajua una sumu," walimjibu. "Yeye ndiye aliutia."

Hapo ndipo alipokwama, msomaji. Neno 'unga' peke yake lilikuwa linamuua Namukose. Lililobaki ni jina.

Mkono mnene ulimshika kiwiko. Afande Wanyera alikuwa amemfikia, jasho linamtiririka. "Dada, usiseme. Nimepiga simu, wenzangu wanakuja."

"Watamkuta amekuwa majivu."

"Nakuomba. Mimi sitaki kukufunga."

Sharifah alimtazama Namukose. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na jingine lilimwangalia yeye, mgeni asiyemjua, kwa kuwa ndiye pekee aliyefungua mdomo. Dumu la petroli lilikuwa linapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa. Akamfikiria mama yake kitandani, akamwomba radhi moyoni.

"Basi toa pingu zako, afande," alisema, akapanda juu ya kiti.

"Ni unga wa Mzee Makokha," alisema kwa sauti yake yote ya redio. "Ni Ngao Nyeupe, umevuliwa picha. Ni mbegu ya dawa imesagwa. Mtazameni kijana wenu ngozi, ile rangi si ya ulezi. Huyu mama hana kosa."

Umati uligeuka kuelekea hemani. Dumu likasimama hewani.

Mzee Makokha aliinuka taratibu, akachukua kipaza sauti cha mshereheshaji. "Wazee wangu, mmesikia kwa masikio yenu. Huyu binti aliniharibia jina redioni. Mahakama ikamwambia anyamaze. Leo amenifuata mpaka kwenye sherehe ya watoto wetu. Afande, fanya kazi yako." Pingu zikafungwa, na Wanyera hakuweza kumtazama Sharifah usoni. "Mimi si mtu wa maneno mengi," mzee aliendelea. "Mimi nakula."

Akakiweka kipaza sauti mezani. Akafunua sahani yake, akakata tonge, akatafuna, akameza. Kisha akafungua mdomo kuwaonyesha wenye simu kwamba hakuna kitu ndani.

Watu walipiga makofi. Jiwe likampata Sharifah juu ya jicho. Dumu likaanza kutembea tena, na sasa kulikuwa na wanawake wawili wa kuchomwa.

"Muulizeni posho yake imetoka sufuria gani," Sharifah alisema, damu ikimwingia mdomoni.

Ivy alisimama. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu mwenye haki anayeona haki yake inaharibiwa na watu wenye petroli. "Hakuna atakayechomwa hapa," alisema. "Baba, yamalize haya. Kula ya sufuria kubwa."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Tonge moja tu, baba. Huyu mama anakufa."

"Nimesema nimeshiba. Keti chini."

Ivy akacheka, kicheko cha binti anayejua ukaidi wa baba yake. "Basi nitakula mimi," aliwaambia watu. "Mimi ndiye niliyeapa mahakamani kwamba unga huu ni safi. Nisipoweza kuula, sina haki ya kumfunga mtu."

Akaenda kwenye sufuria. Watu walimpisha. Alikata kipande cha posho kwa mkono, akakiviringa mpaka kikawa tonge, na kwa nukta moja alilikodolea macho. Katika mwanga wa mchana posho ile ilikuwa na wekundu kidogo, mdogo sana. Ivy aligeuza uso kumtazama baba yake. Kisha akatia mdomoni, akatafuna.

Sahani ya Mzee Makokha ilianguka.

"Ivy," alisema. "Tema."

Kipaza sauti kilikuwa palepale mezani mbele yake, hakikuzimwa. Spika zililitoa neno lile juu ya hema, juu ya umati, mpaka barabara ya Tororo.

"Tema, mama. Tema, hiyo ni sumu. Nakuomba, tema."

Vidole vya Afande Wanyera vilivyokuwa vimekaza pingu za Sharifah vililegea. Aliyeshika dumu aliliweka chini. Kila uso ulimgeukia binti yule wa suti nyeusi aliyesimama kando ya sufuria.

Ivy alimgeukia baba yake. Kisha akafungua mdomo, wazi kabisa, kama mzee mwenyewe alivyowaonyesha wenye simu. Haukuwa na kitu ndani.

"Nimeshameza, baba," alisema.